Beseni la Darasa

Kambale alikuwa bado hai, na Mama Balbina alilitangaza jambo hilo tangu njiani, kabla hajapiga hodi na kabla hajashusha mtungi kichwani.

"Nimevuka naye kivuko. Nimepanda naye lori la mpunga, tumerushwarushwa kama pumba kwenye ungo. Na bado anapiga mkia. Sikilizeni."

Kandida alikuwa mlangoni, mtoto begani. Akasikiliza. Ndani ya mtungi kitu kizito kiligonga, kikatulia, kikagonga tena.

"Tumsifu Yesu Kristu, mama. Shikamoo."

"Milele amina. Marahaba, mwanangu. Mlete mjukuu wangu nimwone. Ee, Justa, mashavu haya umeyatoa wapi? Lakini mama yako amekonda. Ndiyo maana nimekuja na huyu bwana."

Kwao Lupiro, ng'ambo ya mto, mama mkwe anayejiheshimu hampelekei mkaza mwanawe anayenyonyesha samaki aliyefia njiani. Kambale huletwa akiwa hai, huwekwa kwenye maji safi apumzike na kutoa tope, ndipo hupikwa supu ya kuongeza maziwa. Mama Balbina alikuwa amefanya hivyo kwa wake wote wa wanawe, na hakuna aliyewahi kukosa maziwa. Alipita moja kwa moja hadi uani, akitafuta kwa macho chombo cha kumwekea mgeni wake.

"Na hili beseni?"

Beseni lilikuwa pembeni mwa jiko, kivulini. Lilikuwa la enameli ya bluu, lenye mchubuko mweusi ukingoni, na lilifunikwa kwa ungo. Halikuwa la Kandida. Lilikuwa la darasa la jioni, darasa la akina mama wa Kibaoni, na ndani yake mlikuwa na viluwiluwi.

Mvua zilipoanza, Mwalimu Leodegar alikuja darasani na mayai ya chura ndani ya chupa, mayai yaliyofanana na uji wa muhogo uliotiwa chembe nyeusi. Alitaka akina mama waone kwa macho yao jinsi kiumbe anavyokua, siyo kusoma tu ubaoni. Akamkabidhi Kandida awalee, kwa kuwa nyumba yake iko karibu na ana kivuli kizuri. Mayai yalianguliwa, vichwa vikanenepa, mikia ikarefuka, na sasa waliotangulia walikuwa wameota miguu ya nyuma. Mkubwa kuliko wote, akina mama walimwita Karani, maana kila ungo ukifunuliwa alikuwa wa kwanza kusogea mbele, kama mtu anayeuliza una shida gani.

Padri anayesimamia shule angekuja kulitembelea darasa, na siku hiyo Kandida angesimama mbele ya watu na kueleza. Mwalimu alikuwa anatafuta mwanamke wa kushika darasa la wanaoanza. Hakusema kwamba siku hiyo ndiyo ya kumpima, lakini kila mtu alijua. Kandida alijifunza kusoma akiwa na mimba ya Justa, akisoma kwa sauti ya chini jikoni huku mboga ikichemka. Alilitaka darasa lile kwa namna ambayo aliona haya hata kumwambia Hilari, mume wake.

Ila kulikuwa na neno la Mama Balbina. Justa alipokuwa mchanga, chura aliruka ndani, na Kandida akainama kumtoa kwa mkono. Mama mkwe akamzuia. "Mnyonyeshaji hashiki chura. Ngozi yake ina uchungu, na uchungu ule huingia kwenye titi." Kandida akajibu, ndiyo mama. Na tangu siku ile hakuwahi kusema kitu kingine.

"Hili beseni ni la nini?" Mama Balbina aliuliza tena, mtungi kiunoni.

"La samaki, mama," Kandida alisema. Maneno yalitoka yenyewe, laini kabisa. "Hilari akileta perege, ndimo tunamowaweka."

"Sasa si vizuri."

Akainua ukingo wa ungo kwa mkono mmoja, akageuza uso asirushiwe maji, na kwa mkono wa pili akainamisha mtungi. Kambale, mnene kama goti la mtu, aliteleza, akaingia. Ungo ukarudishwa. Mama Balbina akauwekea jiwe juu asije akaruka.

Kulikuwa bado na nafasi. Neno lilikuwa mdomoni mwa Kandida, na lingetosha neno moja tu. Lakini neno hilo lingevuta lile la kwanza, na lile la kwanza lingevuta la chura, na mama mkwe alikuwa amesimama pale na vumbi la safari miguuni, ametoka Lupiro kwa ajili ya maziwa yake.

"Asante sana, mama," akasema.

Walikaa mkekani. Mama Balbina alieleza habari za mpunga, habari za mafuriko, habari za binti wa jirani aliyekataa mchumba kwa sababu ya meno. Kandida aliitikia. Beseni liligonga.

"Anajinyoosha," alisema Mama Balbina.

"Ndiyo, mama."

Likagonga tena, maji yakachuruzika chini ya ungo. Kandida akainuka akisema anakwenda kuchukua kuni.

"Kaa, nyonyesha. Kuni nitachukua mimi. Nimekuja kukupumzisha, au nimekuja kukuangalia unahangaika?"

Akakaa. Justa alinyonya kwa utulivu, vidole vyake vimeshika ushanga wa rozari wa mama yake. Kandida alimtazama mtoto na hakuthubutu kutazama kwingine.

Jioni Mama Balbina alimpasua kambale mwenyewe juu ya jani la mgomba. Alipolifungua tumbo alisogeza utumbo kwa ncha ya kisu.

"Angalia huyu mlafi. Watoto wa chura watupu. Huko mtoni alikuwa anakula kama mjumbe wa harusi."

Kandida aliona mikia. Aliona na mguu mmoja, mwembamba kama uzi, umekunjwa goti.

"Mnono," alisema, kwa sababu ilibidi aseme kitu.

Hilari aliporudi kutoka shamba alisalimia, akanawa, akatupa jicho kwenye beseni, kisha kwa mke wake. Kandida akatikisa kichwa kidogo tu. Hilari alielewa. Alikuwa mtu wa utani, na utani wake ulikuwa haumtii.

"Kambale huyu ana ladha ya elimu," alisema, kijiko mdomoni.

"Ladha ya nini?" mama yake akauliza.

"Ya limau, mama. Nimesema limau."

Mama Balbina alimjazia Kandida bakuli mara ya pili, akasimama mbele yake mpaka akalimaliza. Supu ilikuwa nzuri. Hilo ndilo Kandida hakuweza kujisamehe baadaye, kwamba ilikuwa nzuri na alikuwa na njaa.

Asubuhi, Mama Balbina alipokwisha kupanda lori la kurudi kivukoni, Kandida alifunua beseni. Maji yalikuwa mazito kama ya kuoshea mchele. Alidhani hakuna aliyebaki. Kisha akainua kigae cha chungu alichokuwa amewawekea wajifiche jua, na chini yake wakatawanyika wachache, na wengine walijaribu kutawanyika wakashindwa.

Mmoja alibaki na kisiki cha mkia. Alipojaribu kuogelea alizunguka mahali pamoja kama pia. Mwingine mkia ulichanika kwa urefu, vipande viwili vikielea kila kimoja upande wake. Karani alikuwa amelala ubavu. Mguu wake wa kushoto wa nyuma haukuwepo. Palikuwa na kidonda chekundu kama kichwa cha kiberiti, na mwenzake mzima alikuwa amesimama hapo, anadonoa.

"Wewe," Kandida alimwambia yule mzima, kama anavyosemeshwa mtoto aliyempiga mwenziwe. "Wewe, toka."

Hapo akajua kazi ya kwanza. Damu na nyama iliyo wazi huita mdomo, hata mdomo wa ndugu. Kila mgonjwa apewe chombo chake. Akakusanya vilivyokuwapo: vikombe vya chai, kopo la maziwa, nusu ya kibuyu, mabakuli ya supu, kibakuli cha kachumbari. Karani akamweka kwenye kikombe cha Justa cha uji, chenye ua jekundu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kipana. Alimhamisha kwa kijiko pamoja na maji yake, asimguse, maana ngozi ya Karani ilionekana kama ingetoka kwa kuguswa tu.

Maji ndiyo yaliyomponza. Darasani walifundishwa kwamba maji ya mgonjwa huchemshwa, na Kandida alikuwa mwanafunzi msikivu. Akachemsha, akapoza mpaka yakawa baridi kabisa, akamimina. Haukupita muda wote wakapanda juu, midomo nje, wakivuta na kuvuta, kama watu waliofungiwa chumba chenye moshi. Mmoja, yule mdogo aliyekuwa na jeraha tumboni, akaacha kuvuta.

Kandida alisimama na birika mkononi. Maji yalikuwa safi. Safi kuliko yote aliyowahi kuwapa. Akafikiri juu ya sufuria inavyochemka, zile chembe za hewa zinazopanda na kupasuka zikaenda zake, na akahisi kwamba alikuwa amewapa maji matupu. Akachukua maji ya mvua kwenye mtungi wa chini ya paa, akayamimina kutoka kikombe hadi kikombe, juu kwenda chini, mara nyingi, kama anavyopoza uji wa Justa, mpaka yakajaa mapovu. Akawabadilishia kidogo kidogo. Wakashuka chini. Wakatulia.

Aliwalea hivyo. Maji asubuhi na jioni, nusu yanatoka, nusu yanabaki. Jani la mchicha lililochemshwa mpaka likalegea, kipande kama ukucha, na mabaki yote yatolewe kabla hayajaoza. Kidonda cha Karani kilipoota nyuzi nyeupe kama pamba, alikoroga chumvi kidogo sana kwenye maji, ya kuonja tu, akamwacha humo muda wa kumvalisha Justa, kisha akamrudisha kwenye maji yake. Nyuzi zikapungua. Kabla ya kumshika mtoto alinawa kwa sabuni, na kabla ya kuwashika wagonjwa alisuuza sabuni yote. Hata hivyo Justa alipocheua maziwa siku moja, Kandida aliacha vikombe vyote. Alikaa naye mapajani, akamnusa mdomo, akayasikia maneno ya mama mkwe kama yanasemwa pale pale. Mtoto akacheka, akacheua tena kidogo, akalala. Haukuwa uchungu. Ilikuwa shibe. Lakini aibu haikujua tofauti.

"Chai yangu nitanywea wapi?" Hilari aliuliza, akitazama vikombe vilivyopangwa chini ya dirisha.

"Kwenye kata."

"Sawa. Nyumba ya wagonjwa haikosi masharti." Akainama. "Huyu wa kisiki ana nafuu?"

"Sijui. Usimpulizie."

Darasani, Mwalimu Leodegar alifuta ubao, akageuka. Alikuwa mtu mpole, anayeuliza maswali yake kana kwamba anaomba.

"Mama Justa, watoto wetu hawajambo?"

"Wazima, mwalimu."

"Wote?"

"Wote."

"Na Karani?" aliuliza Konsolata kutoka nyuma. Konsolata alikuwa msomaji mzuri kuliko wote, na ulimi wake ulikuwa hauna mlango. "Ameshavaa kaptula, au bado anatembea na miguu wazi mbele ya akina mama?"

Darasa likacheka. Kandida akacheka nalo.

"Tutapita Jumapili baada ya misa tumwone," Konsolata akasema.

"Msije. Justa ana mafua."

Justa alikuwa mgongoni kwake, mzima kama kitunguu, akivuta kilemba cha mama aliyekaa nyuma. Kandida alishika kalamu na kuandika kile kilichokuwa ubaoni, lakini masikio yalikuwa yanawaka. Kumsingizia mtoto ugonjwa. Kwao hata kwa mzaha hawakufanya hivyo.

Siku ya padri ilipokaribia, alichukua kopo akaenda kwenye madimbwi ya pembeni mwa mashamba ya mpunga. Viluwiluwi walikuwa wengi kama dengu. Alichagua wenye miguu, wanene, weusi, akawajaza kwenye beseni la bluu. Walifanana na wale wa kwanza. Hata Mwalimu asingejua.

Hilari aliwatazama. "Hawa ni wageni."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Ila Karani atasikitika. Kazi yake kapewa mwingine na yeye bado hajafa."

Kandida hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya kikombe cha yule mwenye kisiki. Mwanga wa dirisha uliingia majini, na aliona kitu ambacho jana hakikuwepo, au kilikuwepo hakukiona. Pale kisiki kilipoishia palianza mkia mwingine. Ulikuwa mfupi na hauna rangi, angavu kama kioo cha taa, na katikati yake ulipita mstari mmoja mwembamba. Kiluwiluwi akautikisa. Akaogelea, siyo vizuri, lakini mbele.

Kandida alifungua mdomo amwite mtu. Alitaka kumwita Konsolata. Alitaka kumkimbilia Mwalimu shuleni amwambie, njoo uone, kiumbe anajishona mwenyewe. Kisha akakumbuka alivyowaambia, kwamba wote ni wazima. Hakuna aliyeumia. Kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kujifunza kilikuwa ndani ya kikombe cha chai, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Siku yenyewe, mchana, alikuwa ndani anamfunga Justa kitambaa kipya aliposikia sauti njiani.

"Nimevuka naye kivuko! Huyu ni mkubwa kuliko yule. Nimeambiwa kanisani kwamba mkaza mwanangu leo anasimama mbele ya padri, nikasema, hawezi kusimama na tumbo tupu."

Kandida alipotoka uani, Mama Balbina alikuwa amekwisha kushika ukingo wa ungo. Uso ameugeuza. Mtungi umeinama.

Mkono wa Kandida ulifika kabla ya akili yake. Aliuweka juu ya ungo na kuukandamiza, na mkono wa mama mkwe ukabanwa chini yake. Hakuwa amewahi kumgusa hivyo. Wakatazamana.

"Usimtie, mama."

"Kwa nini?"

"Beseni si la samaki."

"Uliniambia la samaki."

"Nilikudanganya." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtoto anayekiri dhambi kwa mara ya kwanza. "Ni la darasa. Mna watoto wa chura. Ninawalea. Wakati ule pia walikuwemo."

Mama Balbina aliushusha mtungi chini taratibu. Kambale akagonga. Alifunua ungo mwenyewe, akatazama.

"Kumbe ndio wale wa tumboni," alisema.

"Ndio wale."

"Na supu ukainywa."

"Niliinywa, mama."

"Mabakuli mawili."

Mama Balbina akaonyesha beseni kwa kidevu.

"Na hawa ndio waliobaki?"

Hapo angeweza kusema ndiyo, na jambo likaisha. "Hapana. Hawa nimewaokota juzi shambani, wazibe pengo la wale. Waliobaki wako ndani. Wameumia."

"Nionyeshe."

Wakaingia. Mama Balbina alipiga magoti chini ya dirisha, akatazama kikombe hadi kikombe, mikono nyuma kama mtu aliye mbele ya altare. Mbele ya kikombe cha Justa akakaa zaidi. Karani alikuwa amekwisha kuota mikono. Mkia wake ulikuwa umeanza kupungua. Alipanda kwenye kijiwe kwa miguu yake mitatu, akapumzika, koo likimcheza.

"Huyu mguu ameukata samaki wangu."

"Ndiyo, mama."

"Nikiwa nimesimama pale. Na wewe umesimama pale." Alinyanyua uso. "Unaniogopa kiasi hicho?"

"Nakuheshimu, mama."

"Sikukuuliza hilo."

Kandida aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka bila sauti, yakadondokea kitambaa kipya cha Justa.

"Ninakuogopa," alisema.

Mama Balbina alionekana kama mtu aliyepigwa mahali asipopategemea. Alivuta upindo wa khanga yake, akaushika tu, hakujifuta chochote. Baadaye akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mikono unanawa kabla ya kunyonyesha?"

"Nanawa."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni."

"Unawe mara mbili. Mimi sijabadili neno langu kuhusu chura." Akainuka kwa kushika dirisha. "Sasa tafuta sinia. Hivi vikombe hutaviweza kwa mkono. Nipe mtoto."

Njiani walisimama kwenye mfereji, na Kandida akawamimina wageni wa beseni majini. Waliondoka bila kugeuka.

Darasa lilijaa. Padri alikuwa amekaa mbele kwenye kiti cha Mwalimu, kofia magotini, mtu mzee anayesinzia kwa urahisi. Kandida aliweka sinia mezani, na beseni la bluu tupu kando yake. Akina mama walirefusha shingo. Mwalimu Leodegar alitazama beseni, akatazama vikombe, akamtazama Kandida.

"Viluwiluwi walikuwa wengi," Kandida alianza. "Sasa ni hawa. Samaki aliingia kwenye beseni, na mimi nilikuwepo, na sikumzuia. Wiki hizi zote nilisema ni wazima. Hawakuwa wazima. Konsolata, na Justa hakuwa na mafua."

Mahali fulani nyuma, Justa akapiga kelele ya furaha.

"Samaki alikuwa wangu," alisema Mama Balbina kutoka mlangoni. "Samaki naye aandikwe."

Kuna waliocheka, kwa kuziba mdomo. Padri akaamka vizuri.

Kandida akaendelea, maana alijua akinyamaza hataanza tena. Alieleza kwa nini mgonjwa hukaa peke yake. Alieleza maji yaliyochemshwa na yule aliyekufa kwayo, na jinsi ya kuyapa maji hewa, akainua vikombe viwili na kumimina kutoka juu. Akina mama waliokuwa na watoto waliitikia kwa kichwa. Mkono ule waliujua. Alimwonyesha padri mkia wa kioo. Padri alivua miwani, akaivaa, akaangalia kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia kitu chochote siku ile.

"Na huyu mguu utaota?" padri akauliza juu ya Karani.

"Sijui, baba. Mkia umeota. Lakini mguu wake ulikuwa umeshakuwa mguu kamili. Naona kidonda kimefunga tu. Nadhani atabaki hivi."

Watu walipotoka, Mwalimu Leodegar alimngoja pembeni mwa ubao. Alikuwa anajifuta chaki vidoleni, kidole kimoja kimoja.

"Nilikuuliza hapa hapa, Mama Justa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mara ngapi sijui. Kila nilipouliza ukaniambia wazima."

"Ndiyo."

"Wanaoanza hawajui kitu. Wataamini lolote watakaloambiwa na mtu aliyeshika chaki." Alisema hivyo kwa upole uleule, na upole ndio uliouma. "Nitampa Konsolata."

Kandida aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amelijua tangu alipoushika ungo, na bado lilimshukia kama maji baridi.

"Lakini beseni rudi nalo," akaongeza Mwalimu. "Mvua hazijaisha. Mayai nitatafuta mengine. Na ukiona lolote, uje uniambie siku hiyo hiyo, hata liwe baya namna gani."

Nje, Konsolata alikuwa bado yupo na wenzake watatu, wamelizingira sinia alilokuwa analinda Mama Balbina kama mama wa bi harusi.

"Kwa hiyo Karani ni kilema na wewe mwongo," Konsolata alisema. Kisha akainama tena kwenye kile kikombe. "Ebu nionyeshe huo mkia mara nyingine. Huku kwenye jua. Unaanzia wapi hasa?"

Kandida alimwonyesha unapoanzia.

Nyumbani, Mama Balbina alikataa kushika kisu. Alimweka kambale kwenye jani la mgomba, akamsogezea mkaza mwanawe.

"Leo pasua wewe. Angalia tumbo kabla ya kunipikia."

Kandida akapasua. Akasogeza utumbo kwa ncha ya kisu, huku mama mkwe akichungulia juu ya bega lake na Hilari akichungulia juu ya bega la mama yake.

"Tope tu, mama."

"Angalia vizuri."

"Tope tu."

Supu ilipoiva hapakuwa na bakuli wala kikombe, vyote vilikuwa na wagonjwa. Mama Balbina akaipulizia sufuria, akaonja kwanza yeye, kisha akampa Kandida. Walikunywa hivyo kwa zamu, sufuria ikienda na kurudi, na Hilari akingoja zamu yake na kata mkononi.